HDR ya simu na HDR ya televisheni: kwa nini kioo kidogo hushinda kikubwa, na nini cha kukagua kabla ya kununua mzigo

Wauzaji wa vifaa vya elektroniki wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wenzao wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanalifahamu lalamiko hili. Mteja ananunua televisheni ya inchi 55 iliyoandikwa HDR kwenye boksi. Anaifikisha nyumbani, anafungua video ileile aliyoizoea kwenye simu, na kesho yake amerudi dukani. "Bosi, mbona simu yangu inaonyesha vizuri kuliko hii TV?" Muuzaji anamwonyesha boksi: HDR imeandikwa, tena kwa herufi kubwa. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo mgogoro wa kurudisha pesa unapoanza.

Makala hii inaeleza tofauti ya picha ya HDR kwenye simu na kwenye televisheni, maana ya namba zinazoandikwa kwenye matangazo, na namna mnunuzi wa jumla anavyoweza kukagua bidhaa kabla pesa haijatoka mkononi.

HDR ni kitu gani

Picha ya kawaida ya televisheni, ambayo mafundi huiita SDR, ilipangiwa kanuni zake enzi za televisheni za kichogo. Wakati video inatengenezwa studio, mwanga wake wa juu kabisa hukadiriwa kuwa niti 100 hivi. Niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini. Niti moja ni sawa na kandela moja, yaani takriban mwanga wa mshumaa mmoja, kwa kila mita ya mraba. Katika nafasi hiyo finyu karatasi nyeupe, taa ya gari usiku na jua la saa saba mchana vyote hubanana juu kabisa. Ndiyo maana katika picha ya kawaida dirisha lililo nyuma ya msemaji huonekana kama doa jeupe tu, bila miti wala mawingu yaliyo nje.

HDR iliondoa dari hilo. Kanuni yake ya msingi, iliyochapishwa mwaka 2014 kwa jina SMPTE ST 2084, ina nafasi ya kuandika mwanga kuanzia karibu na giza totoro hadi niti 10,000. Filamu nyingi hazifiki huko. Kwa kawaida hutengenezwa kwa kipimo cha niti 1,000, na nyingine niti 4,000.

Pamoja na mwanga, HDR huja na rangi nyingi zaidi na ngazi nyingi zaidi za kila rangi. Video ya kawaida hutumia biti 8, maana yake ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, na mchanganyiko wake ni rangi milioni 16.7. HDR hutumia biti 10, ngazi 1,024, na mchanganyiko unapita bilioni moja. Hesabu hii huonekana ya kitaalamu mno mpaka mtu aangalie anga la machweo. Ngazi zikiwa chache, anga hukatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu kutoka rangi ya chungwa hadi zambarau.

Jambo ambalo boksi halisemi ni kwamba jina HDR limebeba vitu viwili. Ipo HDR iliyomo ndani ya video, na upo uwezo wa skrini wa kuionyesha. Televisheni inaweza kuisoma video ya HDR bila kuwa na mwanga wala weusi wa kuionyesha. Ni sawa na redio ndogo ya mkononi inayopokea kituo chenye muziki wa bendi nzima: kituo kimeshikwa, lakini besi haitoki. Maneno kama "HDR Ready" na "HDR Compatible" kwa kawaida yanahusu kusoma tu. Mtengenezaji hajasema uongo, ila mteja ameelewa kingine.

Majina manne ya kwenye boksi

HDR10 ilitangazwa Agosti 2015 na chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Marekani. Haina ada ya leseni, na kila kifaa chenye neno HDR huisoma. Udhaifu wake ni kwamba maelezo yake ya mwanga huandikwa mara moja kwa filamu nzima, kuanzia pango lenye giza hadi jangwa la mchana.

Dolby Vision ilitangulia mwaka 2014. Hiyo huandika maelezo mapya kwa kila tukio, na mtengenezaji wa kifaa hulipia leseni. Mwaka 2017 Samsung na Amazon walileta HDR10+, inayofanya kazi inayofanana na hiyo bila ada ya kila kifaa. HLG ilibuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja. Mawimbi yake huonekana kawaida kwenye televisheni ya zamani na huonekana kama HDR kwenye mpya.

Ushindani wa kampuni umefanya majina haya yawe silaha ya madukani. Hadi mwaka 2025 televisheni za Samsung hazikuwa zimewekewa Dolby Vision, na za LG hazikuwa na HDR10+. TCL na Hisense wameweka zote mbili katika modeli zao nyingi. Mteja akikosa moja hapati skrini nyeusi. Kifaa hurudi kwenye HDR10 na picha inaendelea. Kwenye skrini yenye mwanga mwingi tofauti ni ndogo kuliko kelele za wauzaji. Kwenye skrini yenye mwanga hafifu ndipo maelezo ya kila tukio yanaposaidia, kwa sababu kifaa kinalazimika kubana mwanga na kinahitaji kuelekezwa kibane wapi. Kwa hiyo anayehitaji zaidi Dolby Vision au HDR10+ ni mnunuzi wa televisheni ya bei ya kati, wala si yule wa bei ya juu.

Kwa nini simu hushinda

Simu za bei ya kati na ya juu kwa sasa zina kioo cha OLED. Katika kioo hicho kila nukta ya picha hujiwashia taa yake na kujizima yenyewe. Nukta inayotakiwa kuwa nyeusi huzimika kabisa, hata kama jirani yake inawaka kwa nguvu zote. Televisheni za bei ya chini ni za LCD: nyuma ya kioo kuna taa zinazowaka muda wote, na kioo hujaribu kuuzuia mwanga huo pale panapotakiwa giza. Hakiwezi kuuzuia wote. LCD ya aina ya IPS hufikia uwiano wa takriban 1,000 kwa 1 kati ya nyeupe na nyeusi. Aina ya VA hufikia 3,000 hadi 5,000 na zaidi kidogo. Kwenye OLED uwiano huo hauna mwisho wa maana, kwa kuwa nyeusi yake ni kuzimika.

Historia ya simu katika jambo hili ni fupi na imekwenda kasi. Samsung Galaxy Note7 ya Agosti 2016 ilikuwa na HDR, lakini ilirudishwa kiwandani kwa sababu ya betri kuwaka moto. LG G6 ya mwaka 2017 ilikuja na Dolby Vision, na mwishoni mwa mwaka huohuo iPhone X ikaja na kioo cha OLED cha niti 625. iPhone 11 Pro ya mwaka 2019 ilitangazwa kufikia niti 1,200 katika video za HDR. iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 ikafika 1,600, na 2,000 ikiwa juani. Samsung Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024 ilitangazwa kuwa na niti 2,600. Wakati huohuo televisheni nyingi za bei nafuu zenye neno HDR kwenye boksi bado zinatoa niti 250 hadi 350.

Sababu ni eneo la kioo. Simu ya inchi 6.5 ina kioo cha takriban sentimita za mraba 100. Televisheni ya inchi 55 ina zaidi ya 8,300, yaani mara 80 na ushei. Kuangaza eneo dogo ni kazi rahisi kwa umeme, kwa joto na kwa bei. Mtengenezaji wa televisheni anayetaka niti 1,000 kwenye inchi 55 lazima aongeze taa, njia za kupoza joto na chombo cha umeme chenye nguvu, na vyote hivyo huongeza bei. Katika televisheni ya bei ya chini ndivyo vinavyopunguzwa kwanza, kwa sababu mnunuzi wa dukani haoni.

Huenda mtu akasema televisheni ina ukubwa, na ukubwa unatosha. Hesabu inasema vingine. Video ya kawaida ya upana wa 16 kwa 9 kwenye simu hiyo ya inchi 6.5 huwa na upana wa sentimita 12 hivi. Kwenye televisheni ya inchi 55 huwa na sentimita 122. Simu hushikwa sentimita 35 kutoka machoni. Anayekaa mita tatu na nusu kutoka kwenye televisheni anaiona picha kwa ukubwa uleule machoni mwake, maana vipimo vyote vimezidishwa kwa kumi. Sebule nyingi zimepangwa hivyo, makochi ukutani upande huu na televisheni upande ule. Macho yanalinganisha picha mbili za ukubwa mmoja, moja ina weusi halisi na mwanga wa niti elfu, nyingine ina kijivu na niti 300. Mteja aliyerudi dukani hakukosea.

Namba za niti na ujanja wake

Hata hivyo, niti 2,600 za simu si niti za kila saa. Namba hiyo hupatikana katika sehemu ndogo ya kioo, simu ikiwa imeachiwa kujipangia mwanga yenyewe, tena penye mwanga mkali. Kioo chote kikiwa cheupe, mwanga hushuka. Jioni ndani ya nyumba simu hujishusha hadi niti mia moja hivi au chini ya hapo.

Hapo ndipo simu inapofanya jambo ambalo televisheni nyingi hazifanyi vizuri. Nyeupe ya kawaida hufuata kiwango ambacho mtumiaji amejiwekea, na vimulimuli vya HDR, kama taa, jua au mng'ao wa maji, huruhusiwa kupanda juu ya hapo mara kadhaa. Akiwa chumbani usiku, nafasi ya kupanda ni kubwa na HDR humeta. Akitoka nje juani na mwanga wa kioo ukawa juu kabisa, nafasi ya kupanda hupungua hadi karibu kwisha, na HDR hugeuka picha ya kawaida yenye mwanga mwingi. Hali ya kuokoa betri nayo hupunguza mwanga na kuifubaza HDR. Kulinganisha simu mbili barabarani saa sita mchana ni kupima uwezo wa kusomeka juani, si kupima HDR.

Televisheni hufuata njia nyingine. Katika HDR10 namba iliyoandikwa kwenye video ni niti kamili: ikiandikwa 100, skrini itoe 100, chumba kiwe na giza au kiwe na madirisha wazi. Kanuni hii ilikusudiwa chumba chenye giza kama cha studio. Sebule ya Mombasa au Dar es Salaam mchana, mapazia yamefunguliwa upepo uingie, si chumba hicho. Picha huonekana imezama gizani, hasa nyuso za watu weusi katika matukio ya usiku, na mwenye televisheni huishia kuizima HDR. Baadhi ya televisheni mpya zina kipimo cha mwanga wa chumba kinachorekebisha hali hiyo. Za bei ya chini mara nyingi hazina.

Televisheni za OLED nazo zina namba mbili. Nyingi hufikia niti 700 hadi 800 katika kipande kidogo cha picha, lakini kioo chote kikiwa cheupe hushuka hadi niti 150 au 200 ili kulinda umeme na kioo chenyewe. Uwanja wa mpira uliojaa jua huonekana mtulivu kwenye OLED na mkali zaidi kwenye LCD nzuri ya Mini LED. Namba moja ya niti kwenye karatasi ya tangazo, bila kutaja kipande cha picha kilichopimwa, haimsaidii mnunuzi.

Televisheni inaposhinda

Kipimo kimoja cha zamani bado kinafaa kwa kukumbuka. Januari 2016 umoja wa UHD Alliance ulitoa alama ya Ultra HD Premium kwa televisheni zenye sifa za namna mbili. Ya LCD itoe niti 1,000 na weusi usiozidi niti 0.05. Ya OLED itoe niti 540 na weusi usiozidi 0.0005. Waliotunga walikubali kwamba mwanga na weusi hufidiana: mwenye weusi wa kweli hahitaji mwanga mwingi ili picha ipendeze. Televisheni ya niti 300 yenye taa za pembeni haiingii katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Televisheni inayoingia humo hushinda simu kwa mbali. LCD ya Mini LED ina maelfu ya taa ndogo nyuma ya kioo, zimegawanywa katika mamia ya vipande, na kila kipande huongezwa au kupunguzwa mwanga kivyake. TCL walikuwa wa kwanza kuziuza kwa wingi, mwaka 2019. Kasoro yake ni ukungu wa mwanga kuzunguka maandishi meupe kwenye giza, kwa sababu kipande kimoja cha taa kinahudumia nukta nyingi za picha. OLED haina ukungu huo, lakini ina hatari ya kuachwa alama na picha isiyobadilika. Baa au hoteli inayoweka chaneli moja ya mpira kutwa kucha, nembo imeganda pembeni, inunue LCD. Muuzaji anayempa mwenye baa televisheni ya OLED bila kumwambia hilo anajitafutia kesi.

Aidha, ukaribu unabadilisha kila kitu. Mita mbili kutoka inchi 55, picha hujaa machoni kuliko simu yoyote, na familia nzima inaiona pamoja.

Kukagua dukani

Televisheni za maonyesho huwekwa katika hali ya dukani: mwanga juu kabisa, rangi zimekolezwa, na video za matunda na kasuku zilizotengenezwa kumvutia mpita njia. Katika hali hiyo bidhaa zote hufanana. Kazi ya kwanza ni kuitoa televisheni kwenye hali hiyo kupitia mipangilio na kuchagua picha ya sinema. Modeli nyingi zina Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019, na hiyo inatosha. Taa za duka zikiweza kuzimwa upande mmoja, bora zaidi.

Mnunuzi aje na flashi yake. Ndani yake awe na video fupi za HDR za biti 10 katika muundo wa HEVC: tukio la usiku lenye taa chache, machweo, uso wa mtu wa ngozi nyeusi na mwingine wa ngozi nyeupe, na ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Televisheni ikitambua HDR, alama yake hutokea pembeni kwa sekunde chache. Isipotokea, ama video si ya HDR au kifaa hakiisomi. Ikitokea, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kwenye tukio la usiku aangalie kama balbu inaonekana na umbo lake au ni doa. Kwenye ukurasa mweusi aangalie kama weusi ni mweusi au ni kijivu chenye mwanga unaovuja kutoka kona. Uvujaji wa kona ni dalili ya taa za pembeni. Kwenye machweo atafute mistari. Kisha aicheze video ileile kwenye simu ya OLED iliyo kando yake. Simu hapa inatumika kama mizani, kwa sababu bei yake ni ndogo na kila mfanyabiashara anayo mfukoni. Tofauti ikiwa kubwa, televisheni hiyo iuzwe kama televisheni ya 4K ya kawaida, kwa bei ya 4K ya kawaida, na neno HDR lisiwe sehemu ya maneno ya kumshawishi mteja.

Kama king'amuzi au kifaa cha filamu kimeunganishwa kwa waya wa HDMI na HDR haitokei, mara nyingi tatizo ni tundu lenyewe kutofunguliwa. Samsung huita mpangilio huo Input Signal Plus, LG huuita HDMI Deep Colour, na Sony huuita Enhanced format. Bidhaa nyingi zimerudishwa dukani kwa swichi hii moja.

Suala la video zenyewe nalo lisisahaulike. Matangazo ya kawaida ya antena katika Afrika Mashariki si ya HDR, kwa hiyo anayetazama taarifa ya habari na ligi ya nyumbani pekee hatapata faida. YouTube ina video za HDR bila malipo tangu mwaka 2016. Netflix hutoa HDR kwa kifurushi cha juu tu, na hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K. Kwa mteja wa bando la simu, HDR ya kwenye simu ndiyo atakayoiona kila siku.

Simu zilizotumika na vioo vya kopi

Katika biashara ya simu zilizotumika, zinazoingia kutoka Dubai na kwingineko, hatari ni nyingine. Kioo cha OLED kikivunjika, fundi huweka kioo cha kopi cha LCD kwa sehemu ndogo ya bei. Simu huwaka, rangi zipo, na mipangilio bado inasema HDR. Weusi umekwenda. Njia ya haraka ya kuibaini ni kufungua picha nyeusi tupu kwenye chumba chenye giza na kuweka mwanga juu kabisa: OLED hupotea gizani, LCD hung'aa kijivu. Kwa iPhone, kuanzia iOS 15.2, sehemu ya maelezo ya simu ndani ya mipangilio huonyesha kama kioo kimebadilishwa na kama ni cha asili, kwa modeli zilizo nyingi kuanzia iPhone 11. Ikumbukwe pia kwamba iPhone XR na iPhone 11 ya kawaida zilitoka kiwandani na LCD, kwa hiyo kijivu chake si ushahidi wa wizi.

Zipo pia simu zenye kioo kizuri ambazo hazionyeshi Netflix kwa HDR wala HD. Chanzo ni ulinzi wa video uitwao Widevine. Simu yenye kiwango cha L1 hupewa picha ya juu. Yenye L3 hubaki kwenye picha ya chini hata kioo kiwe cha dhahabu. Simu zilizobadilishwa programu sokoni mara nyingine hushuka hadi L3. Mnunuzi wa jumla anaweza kuona kiwango hicho ndani ya mipangilio ya programu ya Netflix yenyewe.

Wapiga picha za harusi wana kero yao. Kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo hurekodi video katika Dolby Vision bila kuulizwa. Kwenye kioo cha simu bibi harusi anameta. Video ikipitishwa kwenye programu isiyojua HDR, kisha ikachezwa kwenye televisheni ya sherehe, nguo nyeupe huwa ya kijivu au hupoteza mikunjo yote. Msingi wa video hizo ni HLG, hivyo televisheni yenye HLG inaweza kuzicheza moja kwa moja. Kwa kazi ya kumkabidhi mteja kwenye flashi bila kujua ana televisheni gani, kuizima HDR katika mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi ndiyo njia salama.

Ankara na mpaka

Kwa upande wa forodha, televisheni za rangi ziko chini ya namba 8528.72 na simu janja chini ya 8517.13. Namba hizo hazitofautishi HDR ya kweli na ya jina. Vyeti vya ubora vinavyodaiwa na mashirika ya viwango huangalia zaidi usalama wa umeme, plagi na volti. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Televisheni tano za China zilizonunuliwa Nairobi na kupitishwa Namanga hazimo, hata kama thamani yake ni ndogo.

Kwa kuwa hakuna afisa atakayemkagulia mnunuzi mwanga wa kioo, ulinzi wake uko kwenye ankara ya awali. Iandikwe namba kamili ya modeli pamoja na herufi zake za mwisho, kwa sababu jina moja la biashara linaweza kubeba vioo tofauti kwa masoko tofauti. Iandikwe aina ya kioo, kama taa ziko pembeni au nyuma, idadi ya vipande vya taa, na niti zilizopimwa kwenye asilimia 10 ya kioo. Kwa televisheni zilizotumika kutoka Ulaya kuna msaada wa ziada: tangu Machi 2021 lebo ya umeme ya Umoja wa Ulaya huonyesha matumizi ya picha ya kawaida na ya HDR kando kando, kwa saa 1,000. Televisheni ambayo matumizi yake ya HDR hayapandi kabisa juu ya yale ya kawaida ina mwanga mdogo wa kuongeza. Lebo yenyewe ikiwa imebanduka, namba ya modeli iliyo nyuma ya televisheni hutafutwa kwenye hifadhidata ya umoja huo iitwayo EPREL, iliyo wazi kwa kila mtu.